Tairi Zangu Zilipita, Mimi Nikaanguka

Ile karatasi ya inspeksheni ya gari ninayo mpaka leo. Imekunjwa mara nne na mende wamekula pembe zake zote, lakini pale katikati palipoandikwa aibu yangu hawakugusa. Kila nikiifungua damu inanipanda kichwani kama ni jana. Watoto wangu husema, mzee, itupe. Nitaitupaje? Mtu akikutukana kwa mdomo utasahau, lakini huyu mkaguzi alinitukana kwa kalamu na muhuri juu.

Wacha nianze na pikapu yenyewe. Misheni moja ya upande wetu iliagiza pikapu mbili kutoka ng'ambo, zikaja kwa meli moja, zikapanda treni moja, zikashuka Malaba siku moja. Mapacha kabisa, rangi ya majivu. Padri alipomaliza miaka yake na kurudi kwao, ziliuzwa. Moja nikachukua mimi wa Adungosi, na ya pili akachukua shemeji yangu wa Malaba, mdogo wake mke wangu. Yangu ilinunuliwa na ng'ombe wawili wa mke wangu. Nasema wa mke wangu kwa sababu yeye mwenyewe hajawahi kuniacha nisahau.

Sasa hizo gari, kwa vile zilitoka kwa watu wanaoendesha upande wa kulia wa barabara, stelingi yake ilikuwa mkono wa kushoto. Hapa kwetu tunashika kushoto, kwa hivyo dereva nilikaa upande wa mtaro. Mbuzi wa kando ya njia niliwaona vizuri sana, lakini lori linalokuja mbele sikuliona. Nikitaka kupita gari lingine ni lazima mtu akae ule upande mwingine aniambie. Huyo mtu alikuwa mke wangu. Alikaa mahali panapokaa dereva wa magari ya kwetu, kitambaa kichwani, mikono mapajani, akiangalia mbele. "Ngoja," anasema. Nangoja. "Ngoja bado." Nangoja. "Pita." Napita, sijaona kitu, nimefunga macho ya moyo. Watu wa sokoni walimwita Mama Dereva. Miaka mitatu alisema "pita" na hata siku moja hatukukutana na kitu. Mwanamume gani mwingine anaweza kusema hivyo kuhusu mke wake?

Na hizo gari zilikuwa na magonjwa yake. Handibreki ililegea kama kamba ya kuanikia nguo. Tangi lilivuja petroli pale kwenye mshono, tukaziba kwa sabuni ya kipande, na sabuni, nikwambie, inashika petroli kuliko gundi. Difu, ile giya ya ekseli ya nyuma, ililia, ukaiwekea ndizi mbivu ikanyamaza wiki mbili. Lakini ugonjwa mkubwa ulikuwa chumvi. Miaka ile chumvi na sabuni zilikuwa adimu upande wa Uganda, na sisi tuliobeba tulibeba magunia ya chumvi mpaka maduka ya mpakani, mvua ikanyesha juu, maji yakashuka chini. Chumvi ikaila chesisi, ile mifupa ya gari, mahali hasa panaposhikilia springi ya nyuma, upande wa kushoto.

Nitasema na hili, kwa sababu nimezeeka na sina wa kumwogopa. Mimi niliuona huo ufa. Nililala chini ya gari siku moja natafuta nati iliyoanguka, nikaona mstari mwembamba kama unywele. Nikapitisha kucha, kucha ikaingia. Nikainuka, nikaenda kwa watu waliokuwa wanatengeneza barabara, nikaomba lami kidogo kwa kopo, nikapaka. Ufa ukapotea. Mke wangu aliniuliza kwa nini nanuka lami. Nikamwambia nimesaidia watu wa barabara.

Mwaka huo pamba ilizaa vizuri. Karani wa ushirika akatangaza kwamba magari mawili tu yatabeba pamba ya vijiji vyetu mpaka kiwandani, msimu mzima, naye atayachagua siku ya Ijumaa. Asiye na karatasi ya inspeksheni asisumbue miguu yake. Mke wangu aliposikia alisema, "Msimu huu mmoja. Ng'ombe wangu hata mmoja asiporudi kwenye boma, hiyo chuma yako iondoke ilale kwingine." Kwa hivyo mjue nilikuwa natafuta nini. Sikutafuta utajiri. Nilitafuta ng'ombe mmoja, na amani ya nyumba yangu.

Na sasa niseme habari ya tairi za arusi.

Kijijini kwetu suti ya kuolea ilikuwa moja. Ilitoka kwa bwana arusi huyu ikaenda kwa yule, ikimzidi urefu anakunja, ikimbana anavuta tumbo. Wenye pikapu nao walikuwa na desturi hiyo hiyo. Mkaguzi alikuja Busia mara moja kwa mwezi, Jumatano, kwenye kiwanja nyuma ya ofisi za serikali. Siku hiyo mwenye tairi nzuri anamwazima asiye nazo. Gari moja linapita, linakwenda nyuma ya ghala la pamba, jeki inaingia, tairi zinavuliwa, zinavalishwa gari la pili, nalo linaingia kiwanjani likiwa bibi arusi. Nimeona tairi nne zikipitisha magari matano kabla ya chakula cha mchana. Hakuna aliyeona ni wizi. Ulionekana ujirani.

Tangu mwezi uliopita tairi za arusi zilikuwa zangu. Mpya, meno yake marefu kama ya fuko. Shemeji akaja kwangu Jumanne jioni, akakaa, akala, akasifu mboga za dada yake, kisha akakohoa.

"Shemeji," akasema, "zangu zimekuwa kipara kabisa. Zinateleza hata kwa umande."

Mimi nikajua. Kwetu shemeji ndugu wa mke humnyimi kitu. Ukimnyima, umewaambia wakwe zako kwamba binti yao anakaa na mchawi. Nikamwambia achukue. Yeye ndiye mgeni, na mgeni hutangulia kupakuliwa. Atapita asubuhi na tairi zangu, mimi nitasimama nyuma na vipara vyake, tukibadilishana nyuma ya ghala nitaingia saa sita. Mpango ulikuwa safi kama maji ya mtungi.

Jumatano tukapanga mstari, magari kumi na kitu. Shemeji alikuwa wa kwanza, mimi karibu wa mwisho, nimesimama juu ya vile vipara kama mtu aliyevaa suruali ya mwenzake. Mkaguzi akashuka kwenye gari lake. Mtu mwembamba, kaptula imepigwa pasi, nyundo ndogo mkononi. Akaangalia mstari, akaangalia jua, akasema, "Leo tunaanza nyuma. Kila mwezi nyinyi wa mbele mnamaliza asubuhi yangu."

Tunaanza nyuma! Niliangalia shemeji kule mbele. Shemeji aliangalia mawingu. Hakukuwa na mawingu.

Nilikuwa gari la pili kuitwa. Ningefanya nini? Ningesema, bwana mkubwa, hizi tairi si zangu, zangu zimevaliwa na yule kule? Angetufunga wote wawili na desturi yetu ingekufa siku hiyo. Mkaguzi akazunguka, akapiga tairi ya kwanza kwa kiatu.

"Mzee, hii ni tairi ama ni yai?"

Watu wakacheka. Akapiga ya pili. "Hapa nyuzi zimechungulia kama nyasi. Unafuga?" Wakacheka zaidi, na wale waliocheka sana ni wale wale walioazima tairi zangu mwezi uliopita. Nawakumbuka mmoja mmoja. Akavuta handibreki, ikaja yote mkononi. Akaniambia niwashe taa, akasimama mbele yake akitingisha kichwa. Kisha akaingia chini ya gari akakaa huko kwa muda mrefu. Mimi nilidhani anakimbia jua. Nikasikia nyundo, ko, ko, ko, halafu kimya, halafu ko moja pole pole. Akatoka, akapangusa magoti, akaandika. Akaandika na kuandika.

"Lirudishe nyumbani moja kwa moja, lisiendeshwe barabarani mpaka utengeneze. Kila kitu kimeandikwa hapo."

Kwa Kiingereza. Mimi shule niliacha darasa la tatu, na mwandiko wake ulikuwa kama kuku aliyekanyaga wino. Lakini kuna neno moja nililolijua, tairi, kwa sababu limeandikwa kwenye kila kibanda cha pancha kutoka hapa mpaka Kisumu. Nikalishika hilo. Nimeangushwa kwa tairi ambazo si zangu!

Na bado. Zamu ya shemeji ilipofika, mkaguzi aliangalia zile tairi, tairi zangu, akainama akaingiza kidole kwenye meno yake, uso ukafunguka. Hakuingia chini. Handibreki aliivuta nusu tu. Taa hakukumbuka. Akapiga muhuri. Kisha akaniita, mimi, mbele ya kiwanja chote.

"Mzee, kuja uone. Hivi ndivyo mtu anatunza gari. Jifunze kwa huyu kijana."

Jifunze kwa huyu kijana! Nimezika wazazi, nimelipa mahari, nimevumilia nzige, hakuna kilichonichoma kama maneno hayo. Na shemeji alitingisha kichwa taratibu, kama mwalimu. Kisha akawasha gari akaondoka. Sikuwaza kitu, nilijua ananingoja nyuma ya ghala. Nilipofika nyuma ya ghala nilikuta mbuzi wawili na alama za meno ya tairi zangu kwenye vumbi, zimeelekea Malaba.

Nilirudi nyumbani polepole, peke yangu, bila mtu wa kuniambia ngoja wala pita. Mke wangu alikuwa anapepeta mtama. Nikamweleza yote, nikaruka juu, nikatupa kofia. Yeye aliendelea kupepeta mpaka ungo ukaisha. Akauliza tu, "Jeki iko wapi?"

Alhamisi asubuhi tukachukua baiskeli mbili za boda boda. Mke wangu alikaa nyuma ya moja na jeki mapajani, spana ya nati imefungwa kwenye kanga mgongoni kama mtoto. Mimi nikafuata nyuma na karatasi mfukoni. Nilikuwa nimeamua nitaisoma mbele ya watu, yaani nitafanya isomwe, ili Malaba yote ijue mtu ameonewa namna gani.

Malaba siku hiyo foleni ya malori ilikuwa ndefu mpaka unachoka kuitazama. Madereva wamelala chini ya trela, wengine wanapika chai kando ya magurudumu, wauza mayai wanapita. Shemeji alikuwa ameegesha mbele ya nyumba ya kulala wageni, analiosha gari na anaimba. Tairi zangu amezipaka mafuta ziwake.

"Shemeji!" akasema. "Karibu! Dada, mbona jeki?"

"Tairi," nikasema.

"Lakini shemeji, fikiria. Wewe umeanguka. Tairi zikirudi kwako zitakaa tu zikiangalia kuku. Karani anachagua kesho. Afadhali mmoja wa familia apate kuliko wote tukose."

"Familia!" nikasema. Hapo sauti ilinitoka. Lakini sikuweza kumwambia maneno yenyewe, yeye ni shemeji na kuna maneno ambayo mdomo wa mkwe hautoi. Ndiyo hasira mbaya kuliko zote, hasira yenye heshima. Nikatoa karatasi. "Watu wa Malaba! Nani hapa anajua kusoma?"

Akatokea ajenti mmoja wa kutoa mizigo forodhani, kijana wa tai, kalamu tatu mfukoni. Madereva wakainuka kutoka chini ya trela, kwa sababu mtu wa foleni hana kazi ila habari za wengine. Nikampa karatasi. "Soma kwa sauti, boss. Waambie nimeandikiwa nini kwa tairi ambazo ni za huyu."

Akasoma, akitafsiri. "Tairi zote nne, zimeisha."

"Mnasikia?" nikasema. "Za huyu!"

"Tairi ya akiba, hakuna. Handibreki, haishiki." Akaendelea. "Taa za mbele, zimetengenezwa kwa nchi zinazoshika kulia. Mwanga unapiga usoni gari linalokuja."

Dereva mmoja wa lori, mtu mnene mwenye sufuria ya chai mkononi, akapaza sauti. "Kumbe ni wewe! Pikapu ya majivu! Miaka mitatu unanipofusha pale kwenye kona ya reli! Nakuwashia taa, na wewe unanirudishia matusi!"

Ni kweli. Kila aliyekutana nami na taa zimewaka alinitukana, nami nilimrudishia, nikasema moyoni kwamba madereva wa masafa marefu hawana adabu. Hakuna aliyeniambia ni taa! Wakacheka mpaka chai ikamwagika. Lakini ajenti hakucheka. Alikuwa amesogeza karatasi karibu na macho.

"Chesisi," akasoma, "imepasuka, nyuma kushoto, kwenye mshikio wa springi. Ufa umefichwa kwa lami. Gari hili lisibebe mtu wala mzigo."

Kicheko kikakatika. Mke wangu alikuwa amepiga magoti kwenye tairi ya kwanza, spana imeshika nati. Hakugeuka mara moja.

"Lami," akasema.

Mimi nikasema, "Huyo mkaguzi aliangalia tairi zisizo zangu, atajuaje..."

"Nakuuliza habari ya lami. Siku ile ulinuka lami."

Hapo mke wangu akageuka akanitazama, na mimi nilitazama sufuria ya yule dereva.

"Mzee," akasema, hakupaza sauti, "mimi nimekaa upande ule miaka mitatu nikikuambia ukweli wa barabara yote. Kila lori. Kila baiskeli. Na nyuma nimewapakia mama wa kanisa, tunaimba mpaka Funyula. Wewe ufa mmoja ulikushinda kuniambia?"

Mpaka leo nina hasira tu, na ile hasira ukiifuatilia mpaka mwisho wake inafika mahali sipendi kufika.

Yeye alisimama, akamgeukia mdogo wake. "Na yako? Si ni mapacha?"

Shemeji akacheka kidogo. "Dada, yangu imepita. Muhuri huu hapa."

"Lala chini uangalie."

"Dada, nguo safi hizi."

"Nimekubeba mgongoni mpaka umri wa kutembea ukapita. Lala chini."

Akalala. Jirani na hapo palikuwa na fundi wa kuchomelea malori, naye akaja na bisibisi akaingia pamoja naye. Tukasikia bisibisi inakwaruza. Halafu fundi akasema, "Hii mmepaka nini? Chokaa na rangi?" Kukwaruza tena. "Ee. Ufa wa vidole vitatu. Ukibeba pamba na hii, springi itaingia ndani na gari litakaa chini barabarani kama kuku anayetaga."

Kumbe! Mimi lami, yeye rangi! Shemeji akatoka, matope kifuani, hakuangalia mtu. Nilitaka sana kumwambia, jifunze kwa huyu kijana. Neno lilifika kwenye meno. Lakini mke wangu alikuwa ameshalegeza nati zote nne za tairi ya kwanza.

Alitoa tairi zote mwenyewe. Alikataa mkono wa mtu. Pikapu ya shemeji ikabaki juu ya mawe, muhuri wake safi kwenye kioo. Tairi zangu akazilaza chini pembeni, akakaa juu yake, akafunga kitambaa upya.

"Hakuna atakayevaa hizi kesho," akasema. "Atakayechomelewa chesisi, na mimi nikaona kwa macho yangu bila rangi na bila lami, huyo ndiye atazichukua. Sijali ni nani."

Nikasema, "Ni zangu!"

"Ni za ng'ombe wangu," akasema.

Ijumaa karani akachagua trekta la mtu wa mbali na lori bovu ambalo sitaki kulisema, kwa sababu nalijua, liliwahi kupita na tairi zangu. Pamba ya vijiji vyetu ikaenda bila sisi. Ng'ombe hakurudi msimu ule. Na wa kwanza kuchomelewa alikuwa nani? Shemeji! Kwa vile fundi yuko mlangoni kwake, na mimi niko Adungosi na amri kwamba gari lisiendeshwe. Haki iko wapi hapo? Tairi zangu zilirudi kwake siku ya tatu, kwa mkono wa mke wangu mwenyewe.

Basi mimi nikaazima ng'ombe wanne wa kulima kwa jirani, tukafunga mnyororo mbele ya pikapu tuikokote mpaka kwa yule fundi wa Malaba. Amri ilisema lisiendeshwe. Haikusema lisikokotwe. Jirani akatembea mbele na kiboko, mimi nikashika stelingi, juu ya vile vipara nilivyorudi navyo kutoka Busia. Nilidhani mke wangu atabaki. Alitoka na kitambaa chake, akafungua mlango, akakaa mahali pake. Aliangalia mbele tu tangu boma mpaka barabara kubwa. Watoto wa shule wakatukimbilia wakipiga kelele, "Gari la maziwa! Gari la maziwa!" Hasira ikanijaa mpaka masikio.

Karibu na Malaba tukakuta mkokoteni wa kuni umeziba njia, ng'ombe wetu wakataka kuupita. Nikamsikia mke wangu upande wa kulia, mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Ngoja," akasema.

Nikamwambia jirani awashike ng'ombe. Tukangoja.